Taka za Mwanza zihesabiwe kwa mizani, si kwa tripu

Tampere ya Ufini inachosha. Mabaki ya chakula yana pipa lake, kadibodi lake, kioo, chuma na plastiki vivyo hivyo, na ukikosea jirani anakutazama kama umemwibia kuku. Ila lori la taka likifika kituoni linapanda mizani likiwa na mzigo. Hapo ndipo wivu unanishika.

Najua watu wa Mwanza mtaanza: "Kaonja baridi, sasa anatufundisha usafi." Usafi sijautaja, nasema hesabu. Na Tampere na Mwanza ni miji dada tangu 1988, kwa hiyo kulinganisha ndugu si matusi.

Kiashiria 11.6.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa kinauliza: katika taka zote zinazozalishwa mjini, asilimia ngapi zinakusanywa na kufika mahali panaposimamiwa? Dampo lisipokuwa na mizani, tani zinatoka kwenye daftari: tipa ya tani 7, tripu 10, andika 70. Tipa iliyojaa chupa na majani makavu haifiki tani 7 hata uishindilie kwa miguu. Ya maganda ya ndizi wakati wa masika huenda ikazidi.

Uchawi wenyewe uko chini ya mstari wa kugawanya, kwenye taka zote zinazozalishwa. Watu 600,000, kila mmoja kilo 0.5 kwa siku, ni tani 300. Ukizoa 200 una asilimia 67. Weka kilo 0.8, tani zilezile 200 zinakuwa asilimia 42. Hakuna aliyefagia wala aliyechafua.

UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wana njia ya kupima kilo hizo za kila mtu: kaya 90, yaani kaya 10 katika kila eneo kati ya maeneo 9, matatu ya kipato cha juu, matatu ya kati, matatu ya chini. Unakusanya siku 8. Siku ya kwanza haihesabiwi, maana ina mrundikano wa nyuma. Pa kuharibikia ni kuchagua kaya ambako gari linafika, Capri Point na Isamilo, ukawaacha wa juu ya mawe Mabatini na Igogo, ambako taka huteremka na mvua hadi ziwani. Zisipohesabiwa kabisa, asilimia inapendeza!

"Huna uzalendo." Ninao. Benki ya Dunia mwaka 2018 ilikadiria kilo 0.46 kwa mtu kwa siku kusini mwa Sahara. Mfini anapita kilo nzima, na mapipa yake yote. Hapo Tampere ikae chini. Tena vijana wetu wanaookota chupa wanaokoa mzigo ambao haufiki dampo, kwa hiyo hata sifa hiyo haiandikwi popote.

Wala msiniambie mizani ni ghali. Vinu vya pamba vina mizani ya magari. Pima kila aina ya lori, likiwa limejaa na likiwa tupu, wiki moja ya kiangazi na moja ya masika, upate wastani wa tripu. Kilo za chupa kaombeni kwa wanunuzi wa plastiki: wao hawamlipi mtu kwa tripu.