Mbwa Akiitika, Usimpige

Jirani yangu alimpiga mbwa wake jana jioni kwa sababu alimtii. Lango lilikuwa wazi, mbwa akachomoka, akawa anazurura hapa mtaani Kasarani, Nairobi, akinusa mitaro na takataka, na mwenyewe akasimama barabarani kumwita kwa sauti ya ukali. Mbwa akasikia. Akarudi mkia chini, masikio yamelala. Alipofika miguuni akachapwa kwa kipande cha paipu, eti ajifunze. Nimelala na hasira hiyo na nimeamka nayo.

Amejifunza nini? Mbwa hakiunganishi kichapo na kosa la nusu saa iliyopita. Anakiunganisha na jambo alilokuwa akilifanya wakati ule ule, na jambo lenyewe lilikuwa kuja alipoitwa. Sasa anajua kwamba akiitwa akaja, ataumia. Wakati mwingine atasimama mbali, atamtazama mwenyewe kwa wasiwasi, kisha atatokomea, na mtaa mzima utasema mbwa yule ni mkaidi. Siku matatu itakapokuja kwa kasi naye yuko katikati ya barabara, "njoo" ya bwana wake haitamvuta. Ndiyo maana nasema amri hii isiguswe na adhabu hata kidogo. Mbwa akija, hata kama amepotea tangu asubuhi, hata kama umekasirika kiasi gani, mpe kitu anachokipenda, msifu, kisha mshike kola taratibu.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya wazungu wa Karen, mtaa wa matajiri. Hebu waende Morogoro, Tanzania. Pale shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya akipata harufu sahihi anasikia mlio mfupi, kisha anapewa ndizi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020. Hakuna aliyemchapa panya ili anuse bomu. Na mbwa wanaonusa pembe za ndovu hapa JKIA, uwanja wetu mkuu wa ndege, hufanya kazi hiyo wakitarajia mchezo, mara nyingi mpira tu.

Nakubali, shingo upande, kwamba Nairobi tunafuga mbwa kwa sababu ya wezi, na hakuna anayetaka mbwa wa kulamba kila mgeni. Lakini mbwa anayeogopa mkono wa binadamu humng'ata mtoto wa nyumbani kabla ya kumng'ata mwizi. Wa kufungwa mnyororo mchana kutwa ndiye hatari zaidi.

Gharama nayo isiwe kisingizio. Maini kidogo kutoka bucha, yakichemshwa na kukatwa vipande vidogo kama punje ya mahindi, yanatosha somo zima. Ukikosa, tumia chakula chake mwenyewe cha jioni kabla hajashiba: ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa matumbo utamfanya akusikilize.

Anza na "keti". Shika kipande mbele ya pua yake, kisha kipandishe polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kitafuata juu, makalio yatashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, sema "ndiyo!" na umpe papo hapo. Ukichelewa hata sekunde chache atakuwa ameshainuka, na utakuwa umemlipa kwa kuinuka. Usimkandamize mgongo. Akishaelewa mwendo wa mkono, ufanye mkono ukiwa mtupu, chakula kitoke mfukoni baadaye. Hapo ndipo uweke neno, na ulitaje mara moja. Anayepiga kelele "keti, keti, keti" anamfundisha mbwa kwamba mara mbili za kwanza hazina maana. Dakika chache zinatosha, kisha mwache akacheze.

Watoto wakitaka mbwa atoe mkono, ficha maini ndani ya ngumi na uishushe karibu na kifua chake. Atanusa, atalamba, atasukuma kwa pua. Usifungue. Atakapochoka na hayo atainua mguu wa mbele na kuikwaruza ngumi, na hapo hapo ifungue. Ukimtazama vizuri utaona anafikiri. Mbwa wa kupigwa hathubutu kujaribu lolote, hujikunja tu akisubiri yaishe.

Hili lina uzito kuliko michezo ya uani. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, na ili ugonjwa huo ukatike, mbwa wapatao asilimia 70 wa kila eneo wanapaswa kuchanjwa. Chanjo inahitaji mbwa anayekubali kuja, kushikwa shingo na kutulia mgeni akimdunga sindano. Hilo hufundishwa nyumbani mapema: mguse bega, mpe maini, mfinye ngozi ya shingo kidogo, mpe tena, mwombe rafiki afanye vivyo hivyo. Daktari wa mifugo akipita mtaani kwetu, nataka kila mwenye mbwa aweze kumtoa langoni akiwa na kamba mkononi, bila paipu.