Uwanja wa Doubleday na Hadithi Isiyo ya Kweli

Cooperstown, mji mdogo wa jimbo la New York wenye wakazi wasiofika 2,000, unamiliki uwanja wa besiboli uitwao Doubleday, na jina hilo ndilo chanzo cha ubishi. Mwaka 1905, mfanyabiashara wa vifaa vya michezo Albert Spalding, aliyetaka mchezo huo uonekane kuwa wa Kimarekani tangu asili, alichochea kuundwa kwa tume ya kutafuta chimbuko lake. Ikitegemea zaidi barua za mzee Abner Graves, aliyedai kulikumbuka tukio hilo tangu utotoni, tume iliamua kwamba Abner Doubleday, aliyekuja kuwa jenerali wa jeshi la Marekani, aliubuni mchezo huo Cooperstown mwaka 1839.

Wanahistoria wameukataa uamuzi huo, na wana haki. Mwaka 1839 Graves alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi, na Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Tena alifariki mwaka 1893 bila kudai kamwe kuwa yeye ndiye mbunifu. Besiboli ilikua polepole kutokana na michezo ya kale ya Kiingereza, na kanuni za mchezo zilizoandikwa na klabu ya Knickerbocker ya jijini New York mwaka 1845 ni ushahidi mzito kuliko kumbukumbu za utotoni. Kwa hiyo wanaosema kwamba jina la uwanja linaendeleza uongo wenye faida wana hoja, hasa tukikumbuka kuwa Jumba la Umaarufu la besiboli, makumbusho ya kuwaenzi magwiji wa mchezo huo, lilifunguliwa mjini humo mwaka 1939 katika kuadhimisha miaka 100 ya tukio ambalo halikutokea.

Hata hivyo, uwanja wenyewe si uongo. Yalikuwa malisho ya ng'ombe, yakageuzwa kuwa kiwanja, mechi ya kwanza ikachezwa mwaka 1920, na baadaye jukwaa likajengwa upya kwa mpango wa serikali wa kuwapatia ajira watu walioumizwa na mdororo wa uchumi. Kuanzia mwaka 1940, karibu kila mwaka, timu mbili za ligi kuu zilikuja kucheza katika mji ambao wakazi wake wote wasingejaza hata robo ya viti vya uwanja huo. Historia hiyo haimhitaji Doubleday. Ndiyo maana naona jina libaki, kwa sharti kwamba mgeni aelezwe waziwazi lilivyopatikana, na kwamba wakazi wapewe nafasi ya kwanza kuliko biashara ya kumbukumbu, kwa sababu mapenzi ya ligi kuu yana kikomo: mechi ya mwisho ya mfululizo ule, mwaka 2008, ilivunjwa na mvua, na ratiba ya ligi haikuwarudisha tena.