Pole Ni Mimi

Najua mmeshaisikia. Rafiki yangu kaisambaza kabla sijamaliza kutoa tope masikioni, na kwa toleo lake niliburuzwa na mbwa mita 20 nikiwa natambaa kama mamba. Uongo mtupu. Zilikuwa kama 6, na mamba hutumia miguu. Mimi nilitumia kidevu.

Kwa mliojiunga jana: mbwa wangu anaitwa Pole. Jina nilimpa akiwa na wiki 8, kidonge cha manyoya kilichotembea polepole na kulala ndani ya kiatu changu. Sasa ana miezi 9, kilo 27, na kiatu anakila. (Msiniambie anaota meno. Yale 28 ya utotoni hung'oka, na 42 ya ukubwani huwa yameshakamilika kwenye miezi 7 hivi. Akitafuna baada ya hapo, hana kazi ya kufanya, basi.) Amebalehe. Ujeuri huu huanza kwenye miezi 6 hivi na kupoa kwenye 18, ila mbwa wa umbo kubwa wanaweza kukupeleka hadi miaka 2. Neno "njoo" alilokuwa akiliitikia mbio, siku hizi analisikiliza kama tangazo la kifo la ukoo mwingine. Kalisikia, halimhusu.

Sasa, kilichoniponza ni mdomo. Jioni ya kuamkia tukio nilimkalisha rafiki yangu huyohuyo, naye ana mbwa wa miezi 7, nikamfundisha matumizi ya kamba ndefu. Na nilifundisha vizuri, sitaki unafiki. Kamba mita 10, mwisho wake usiwe na kitanzi wala fundo, isije ikanasa kwenye kisiki. Ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, upande wa mgongoni, isifungwe kwenye kola: mbwa akishakimbia mita 10 anafika mwisho wa kamba na mwendo wake wote, na mshtuko ule shingo haiuwezi. Mkononi ikae kwa mikunjo iliyolala kiganjani, ukifumbua vidole iondoke yenyewe. Usiizungushe mkononi, hata mara moja. Hilo nilimwambia alipigie mstari. Kapiga miwili.

Asubuhi tukaingia uwanjani. Nyasi zina umande, kamba imelowa, inateleza. Nikaizungusha kwenye kiwiko cha mkono. Mara mbili, kwa uhakika. Rafiki yangu kaniangalia, kaangalia daftari, kanyamaza. Ndugu yangu, si ungekohoa hata!

Kwa mbali kulikuwa na mtoto wa kike, miaka kama 7, anapiga danadana. Hapo mwenye akili hukunja kamba ibaki mita 2, akarudi nyuma na mbwa wake mpaka mahali ambapo bado atakula kitu mkononi. Ndicho kipimo: akikataa nyama, mmesogea karibu mno na hata ukiimba hasikii. Nilimpa Pole kipande cha nyama, kidogo kama punje ya hindi. Kakipokea kwa heshima, kakitema. Nikasema, "Leo kashiba."

Twende polepole sasa, maana hapa ndipo mnapopataka.

Masikio yalitangulia, yakasimama. Halafu mdomo uliokuwa wazi ukafumbwa. Mkia ukaganda. Uzito wote ukahamia miguu ya mbele. Mbwa akiwa hivyo una kama sekunde moja ya kumwita kabla hajachomoka. Sekunde ile mimi nilimgeukia rafiki yangu nikamwambia, "Umeona? Anatafakari."

Kamba ikaanza kutembea kwenye nyasi. Ssssss. Naitazama inavyojinyoosha, na akili inahesabu kwa utulivu kabisa: zimebaki mita 7, zimebaki 4, hivi mwisho wa kamba hii uko wapi? Nikashusha macho. Mwisho wa kamba nilikuwa nimeuvaa.

Bega lilitangulia, mimi nikafuata. Nikipita hewani niliona ndara zangu zimebaki nyuma, zimepangana sambamba kama nimezivua mlangoni kwa watu. (Ndio, nilivaa ndara. Viatu vya kufunga nilivihubiri, sikuvivaa.) Tumbo likagusa umande, kidevu kikalima, kisha tope. Kuachia siwezi, mizunguko miwili imekaza. Na mimi, mwalimu niliyehubiri kwamba mbwa huitwa mara moja tu, asipokuja unakimbilia upande wa pili ili akufuate, maana kila mwito wa bure unalifanya neno lako kuwa upepo, nilikuwa naita kwa sauti yangu yote:

"Pole! Pole! Poleee!"

Mama mmoja aliyekuwa anapita akasimama, mkono kifuani. "Asante, baba. Kwani kuna msiba?"

Tukasimama, maana Pole kafika kwenye mpira. Mtoto hakukimbia wala hakupiga kelele. Kauficha mpira nyuma ya mgongo na kusema, taratibu, "Kaa."

Pole kakaa. Matako chini, macho juu, kama picha ya kitambulisho.

Mimi niko chini palepale, pua kwenye tope, kamba inanikata mkono. Yule mtoto kainama kidogo, kwa adabu zake zote:

"Shikamoo, anko."

Mngejibu nini? "Marahaba, mwanangu."

"Mbwa wako anaitwaje?"

"Pole."

Kafikiri kidogo. "Pole ni wewe, anko."

Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, ambao nimeutambia sana kwenye vikao: mbwa wa miezi 8 akiambiwa "kaa", humgomea mlezi wake kuliko anavyomgomea mtu baki. Siku hizi nikianza kuutaja, rafiki yangu anauliza kama ni ule nilioulalia kifudifudi.

Mengine ni mafupi. Mkono uliungua na kamba, siku 3 sikuweza kufungua kifuniko cha chupa. Pole sikumpiga wala kumfokea, maana mbwa akiadhibiwa akiwa ametulia anajifunza kwamba kutulia kuna hatari. Neno "njoo" nimelistaafisha, kwa kuwa nimelichosha. Tumeanza upya na filimbi, tukiwa ndani ya nyumba: napuliza mara moja, anapata nyama papohapo, mara 10 kwa siku kwa vipindi vya dakika 3, na uwanjani hatuendi mpaka aje bila kufikiri. Kamba imeshuka kuwa mita 5. Nimenunua na glavu.

Video ipo, ndio. Rafiki yangu kaandika chini yake: "Hatua ya nne: mwalimu analala chini." Nimemwomba aifute kwa upole, amesema nisimtaje mbwa kwenye mazungumzo yetu.

Kuhusu glavu, nimebaki na moja. Ya kushoto Pole anayo chini ya kitanda, na filimbi ndiyo nimeipuliza hivi karibuni mara 4.