Muulize mtoto magadi yana kazi gani

Tangu mtaala wa umilisi uingie shuleni na kuuweka ubunifu miongoni mwa mambo saba ya msingi, mikutano ya wazazi hapa Mombasa ina swali lake la kudumu: ubunifu wa mtoto unapimwaje? Majibu tunayopewa huwa ya juu juu.

Wanasaikolojia wameuhangaikia sana mjadala huu. Mwaka 1950 J. P. Guilford, aliyekuwa rais wa chama cha wanasaikolojia cha Marekani, aliwalaumu wenzake kwa kuutelekeza ubunifu. Kazi yake ikazaa mtihani ambao sasa ni maarufu: unatajiwa kitu cha kawaida, tofali kwa mfano, nawe utaje matumizi yake kadiri uwezavyo. E. Paul Torrance akatoa mitihani yake mwaka 1966, na mpaka leo inatumika. Huangaliwa wingi wa majibu, utofauti wake, upya wake, na jinsi wazo lilivyofafanuliwa.

Mitihani hii sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni tulivyoielewa, kwamba mbunifu ni mwenye kumimina majibu. Hebu ondoa tofali, weka magadi, kisha zunguka nayo sokoni Kongowea. Ya kulainishia maharagwe, utaambiwa. Ya mboga za majani. Ya kuchanganya na tumbaku. Basi. Hapo mtu hakwami kwa kukosa akili, anakwama kwa kutojua alichoshika mkononi.

Alichoshika ni kabonati na bikabonati ya sodiamu, kutoka Ziwa Magadi. Kampuni ya kuchimba huko iliundwa mwaka 1911, na soda yake, yaani hayo magadi, imekuwa ikishuka kwa reli hadi bandarini kwetu, ikapakiwa melini. Huko iendako kazi yake kubwa ni kutengeneza kioo. Mchanga safi huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 1,700. Ukitiwa soda, joto linalohitajika hupungua sana. Lakini kioo cha mchanga na soda pekee huyeyuka majini, ndiyo maana huongezwa chokaa, ambayo sisi wa pwani tumeikalia, maana kisiwa chenyewe ni mawe ya matumbawe. Na kioo hicho cha kawaida hutanuka sana kikipata moto. Bilauri nene ukiimiminia chai inayochemka, ndani hutanuka kabla ya nje, nayo ikapasuka. Vyombo vya maabara hutiwa boroni, vikatanuka kama theluthi tu ya hapo.

Kisha kuna kazi ambayo Kongowea sijaisikia kabisa: kufugia mwani. Spirulina, ambayo kwa usahihi ni bakteria inayojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hupenda maji ya magadi yenye pH (kipimo cha asidi na alikali) kati ya 9 na 11, ambamo vijidudu vingi vinavyoshindana nayo havistahimili. Ndugu zake ndio chakula cha heroe wa Nakuru na Bogoria, na ndiko wanakotoa ile rangi yao. Kule Ziwa Chad, wanawake wa Kanem huichota, wakaikausha juani na kuila. Mwaka uleule wa 1966 mtafiti Zarrouk, akiwa Paris, aliandika fomula ya kuikuzia ambayo maabara bado zinaifuata: gramu 16.8 za bikabonati ya sodiamu kwa lita moja, pamoja na chumvi nyingine chache. Ikikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Inastawi kwenye joto la nyuzi 35 hivi. Nani Mombasa atalalamika amekosa joto?

(Tafadhali, asiende mtu kuchota dimbwi la kijani akanywa. Jamaa zake wengine wana sumu ya ini.)

Sasa linganisha na tunachokiita kazi ya ubunifu: mtoto anatumwa alete chupa tupu, gundi na rangi, na usiku mama ndiye anayekata na kubandika. Afadhali chupa hizohizo ziwe na spirulina. Darasa lipime chumvi, lichovye karatasi ya pH, litazame kwa hadubini nyuzi zake zilizojisokota, lijue kwa nini chupa ya kioo hupitisha mwanga vizuri na kwa nini maji lazima yakorogwe. Wapeni swali la magadi kabla na baada, mlinganishe karatasi.

Najua mwalimu atasema hana maabara. Pampu ya hewa ya tangi la samaki inatosha kukoroga, na bikabonati ni ya dukani, maana magadi ghafi yana uchafu mwingi. Kupata mbegu hai na kukopeshwa hadubini ndiko kugumu, lakini KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, iko Mkomani, na mjini tuna chuo kikuu cha kiufundi. Barua ya kuomba msaada mwalimu mkuu anaweza kuiandika wiki hii.