Mgonjwa wa skizofrenia na hodi ya nesi

Kijana wa Kizingitini, visiwani Lamu, akianza kujibu sauti ambazo wenzake hawazisikii, akakesha siku tatu mfululizo na kukataa chakula kwa kudai kuwa kimetiwa sumu, shauri la barazani mara nyingi huwa moja: avushwe kwa boti hadi Mokowe, bara, apelekwe Mombasa, akalazwe. Kumpa tembe na kumrudisha kwa mamake huonekana kuwa ni kumtelekeza. Shauri hilo linatokana na huruma, nami silidharau, lakini linasahau kwamba matibabu ya nyumbani yalikwisha kupimwa kwa makini zamani sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mjini Louisville, Marekani, daktari wa akili Benjamin Pasamanick na wenzake waliwagawa kwa kura wagonjwa 152 wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta sauti na shuku kama za kijana yule, waliokuwa wamefikishwa hospitalini ili walazwe. Baadhi walilazwa, wengine walirudishwa nyumbani na dawa, na wengine wakarudishwa na tembe zisizo na dawa yoyote, huku manesi wakiwatembelea wote waliokuwa majumbani. Kati ya waliopewa dawa, asilimia 77 walibaki nyumbani muda wote wa utafiti. Kati ya waliopewa tembe tupu, asilimia 34. Kila nikizisoma tarakimu hizo husita kwenye ile ya pili, kwa kuwa hata pasipo dawa, kiasi cha thuluthi moja walishikiliwa na jamaa zao pamoja na nesi. Dawa ilizidisha idadi hiyo zaidi ya mara mbili, lakini haikufanya kazi peke yake: mradi ulipofungwa na manesi wakaacha kuja, ufuatiliaji wa miaka mitano baadaye ulikuta faida ile imefifia.

Wanaotaka mgonjwa alazwe wana hoja nzito. Utafiti huo haukuwachukua waliokuwa hatarini kujiua au kuua, wala wasio na jamaa wa kuwasimamia. Mtu anayetaka kujitoa uhai, au aliyeacha kabisa kula na kunywa, hafai kubaki nyumbani hata kama kusi imechafua bahari. Tena mzigo wa kukesha na kuhesabu tembe huangukia mwanamke mmoja, ambaye naye huchoka.

Hata hivyo, mengi yanayoharibika nyumbani huharibika kwa kukosa maelezo. Niliwahi kukaa katika chumba kimoja mtaa wa Langoni, mjini Lamu, ambamo ubani ulikuwa ukifukizwa, mama ameshika kidevu cha mwanawe ambaye shingo yake ilikuwa imepinda hadi begani na macho yameviringika juu, na bahasha ya dawa imekwisha kutupwa kwa sababu ilidhaniwa kuwa imemghadhibisha jini. Ilikuwa siku ya tatu ya haloperidoli, dawa ya kutibu skizofrenia. Kukaza huko kwa misuli hutokea siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, na sindano ya dawa inayofaa hukulegeza baada ya muda mfupi, kisha tembe za benzheksoli husaidia kusirudi. Mama yule hakuwa ameambiwa lolote. Alipewa bahasha na tarehe ya kurudi, basi. Aliyeshindwa pale si nyumba, ni utaratibu uliomwachia dawa bila neno.

Nesi anayefika mlangoni huyashughulikia mambo ambayo wodi ya mbali haiyaoni: kwamba mgonjwa angali anatafuna miraa, inayoweza kuchochea ugonjwa, kwamba Ramadhani imekaribia na dozi ya mara moja kwa siku yaweza kuhamishiwa baada ya futari, kwamba utulivu huja ndani ya siku chache, ilhali sauti huweza kuchukua wiki kadhaa kupungua, kwa hiyo dawa isiachwe ati haijafaa. Kwa visiwa vyetu, ambavyo viko zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa kwa barabara, naona nauli ya boti ya nesi ndiyo inayostahili kutengewa fedha kwanza, na ziara yake ya mwanzo ifanyike kabla ya siku ya tatu, shingo ya mgonjwa ikiwa bado imenyooka.