Mfa maji hatapatapi

Siku ile tulikuwa watu wazima tisa kando ya bwawa la kuogelea, na mpwa wangu wa miaka minne akazama mbele yetu. Hakulia wala hakurusha maji. Niligeuka kuchukua taulo nikamwona yuko wima majini, kichwa amekilaza nyuma, mdomo unafunguka na kufumba usawa wa maji. Nikadhani anacheza. Nilipomtoa alikohoa, akatapika maji, ndipo kilio kikaja.

Methali yetu ya mfa maji na kutapatapa imetupoteza wengi. Tunangoja vishindo. Kumbe kelele zinataka pumzi, na anayezama, mdomo ukiibuka, anawahi kuvuta hewa tu. Mikono nayo haipungi, inakandamiza maji ili kichwa kiinuke. Yote hayo huisha chini ya dakika moja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka 5. Kwa umri huo hata ndoo ya kufulia inatosha: akitanguliza kichwa, hana nguvu za kujinasua.

Ndiyo maana siiamini tena kauli ya "si tupo wote hapa?" Mimi nataka jina. Robo saa hii anayeangalia ni shangazi, hashiki simu, na zamu ikiisha anamkabidhi mwingine kwa mdomo. Nyumbani wananiita askari. Sawa tu.

Vijana ndio wanaoninyima usingizi zaidi, maana wakishajua kuogelea tunawapa kisogo. Wanashindana nani atakaa chini muda mrefu, na kabla ya kupiga mbizi wanahema harakaharaka, eti wanajaza hewa. Kuhema huko hupunguza kabonidioksidi mwilini, ile inayotusukuma tuvute pumzi. Kijana hasikii haja ya kupanda, anazimia hukohuko chini. Mwenzake akijitosa kumwokoa mwingine anayehangaika, anakumbatiwa shingoni, wanazama wawili.

Mwanangu ana miaka kumi na tano. Ili aweze kuokoa bila kujitosa, nimempa dumu lenye maji kidogo tu ndani ili lisipeperuke, mfuniko umekazwa, kamba imefungwa mkononi mwa dumu, nikamwambia amrushie rafiki yake aliyekuwa amesimama kwenye kina kifupi. Mara ya kwanza lilimpita mbali. Mara ya pili likampata begani, wakacheka. Tukarudia.