Dirisha la jirani lisiunguze ukuta wangu

Dirisha la nyumba moja likiakisi jua hadi ukuta wa plastiki wa nyumba ya pili ukaharibika, kwa maoni yangu mwenye dirisha ndiye alipe. Nikisema hivi huku Ohio, Marekani, wengi hunijibu kwamba jirani hana kosa, kanunua dirisha la kupunguza bili ya gesi, tena serikali yenyewe inamhimiza. Sawa, hana kosa. Ila mtu anaweza asiwe na kosa na bado akadaiwa.

Kwa msiolijua jambo hili: nyumba nyingi za Marekani huvalishwa nje vipande virefu vya plastiki ya vinili. Bei yake nafuu, haiozi, haitaki rangi. Lakini ikifika nyuzi joto 70 na kidogo huanza kulainika.

Dirisha la kisasa nalo lina vioo viwili vyenye gesi katikati, na utandu mwembamba wa madini, mara nyingi fedha, unaorudisha joto. Baridi ikikaza, gesi iliyofungiwa humo husinyaa na vioo vikavutwa ndani kidogo. Kwa jicho huoni kitu, lakini kioo cha nje kimeshakuwa bakuli: kinakusanya miale ya jua na kuitupa pamoja kwenye ukuta wa jirani. Hapo joto laweza kuvuka nyuzi 90. Ndiyo maana ukuta huharibika hata siku ya baridi yenye jua, na ukiwaambia watu hawaamini.

Kwa shemeji yangu, Columbus, mawimbi yanakwenda kimshazari ukutani kwa sababu doa lenyewe la miale huhama jua linavyohama. Vipande vimejikunja, maungio yameachia, ukipitisha kidole unahisi matuta. Waliomuuzia vinili wakamfungulia karatasi ya dhamana: joto la kuakisiwa halimo. Waliouza dirisha la jirani wakasema dirisha linafanya kazi yake. Kila mmoja na karatasi yake, shemeji na ukuta wake.

Mwaka 2013, London, jengo la 20 Fenchurch Street lenye ubavu wa vioo uliobonyea liliyeyusha sehemu za gari aina ya Jaguar lililoegeshwa barabarani. Wenye jengo waligharamia matengenezo ya gari, na baadaye wakafunga vizuia jua kwenye jengo. Hakuna aliyemwambia mwenye Jaguar atafute gari lisiloyeyuka. Mwenye nyumba ya vinili ndiye anayeambiwa hivyo, na kwa sauti ya upole kabisa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ipo na si ghali. Wavu wa nje unaofunika dirisha zima, kama ule wa mbu ambao Dar nyumba haihamiwi bila huo, hupunguza na kutawanya miale. Huku wengine huung'oa majira ya baridi ili waone nje vizuri, yaani wakati ule ule unaohitajika! Nyumba zikitazamana kwa mita tatu au nne, fundi angepaswa kuufunga siku hiyo hiyo ya dirisha, kwenye ankara hiyo hiyo, bila kusubiri jirani alalamike.

Jirani wa shemeji amekubali kufunga wavu. Habari ya ukuta, anasema, watazungumza. Nimemwambia shemeji asibadilishe hata kipande kimoja kabla wavu haujafungwa, maana vinili mpya italainika vilevile.